Makochi kwa Mtani

Jumatatu, 2 Juni 1969

Baridi asubuhi, vumbi mchana. Siku kubwa. Mkuu wetu wa idara ya asali na nta hapa Tabora anastaafu, na kiti chake kitakuwa wazi. Wanaostahili ni wawili, mimi na Tobias. Yaani anayestahili ni mmoja, ila meza ya Tobias iko karibu na yangu na watu wanachanganya.

Ndugu Damas wa Makao Makuu anakuja kutoka Dar es Salaam Alhamisi ya wiki ijayo kutupima. Na hatatupima ofisini. Atatutembelea nyumbani! Tobias kaniambia haya kwa sauti ya chini, akitikisa kichwa kwa huruma. Anasema bwana huyo analiamini Azimio la Arusha kuliko walioliandika. Mahali fulani alimkuta afisa ana zulia, akamwita kupe mbele ya mkewe.

Nimerudi nyumbani nikaitazama sebule yangu kwa macho ya Ndugu Damas. Lo! Makochi ya mninga, pamoja na lile refu la watu watatu. Friji inanguruma. Gramafoni yenye miguu yake yenyewe. Nimehangaika miaka mingi kuutoka ukabwela, nikafika hapa pazuri katikati, juu ya makabwela na chini kidogo ya matajiri wenyewe. Faida ya hapa ni kwamba unakunywa maji baridi. Hasara yake ni kwamba watu wanakuona ukiyanywa.

Nimemwuliza Benedikta kama sisi ni mabwanyenye. Ameniuliza ni bwanyenye gani anayeficha bakuli la sukari mgeni akibisha hodi. Sikumwuliza mke wangu ili anijibu hivyo.

Jumanne, 3 Juni

Tobias amekuja kazini na makatambuga ya tairi! Anamwita tarishi "ndugu". Amempa kiti chake, yeye akafanya kazi amesimama, huku anatazama huku na huku kama watu wanamwona. Kesho atakuja bila shati.

Sikukubali. Nimemchemshia tarishi chai kwa mikono yangu. Nilisahau majani. Kainywa kwa adabu yote, akaomba aende hospitali.

Hapana, mambo madogo madogo hayafai. Lazima sebule iwe tupu. Lakini vitu vikae wapi? Kwa dada yangu, hapana: pasi yangu iliingia kwake mwaka wa Uhuru na haijatoka. Kwa padri, hapana, atayapanga makochi kanisani na mimi nitayaangalia kila Jumapili. Ndipo nikamkumbuka Fundi Abbasi, mshonaji wa Kanyenye. Mzaramo. Mtani wangu!

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita kwao na mizigo ya pembe kwenda pwani. Mtani anaweza kukukejeli msibani, akamchukua jogoo wako mchana kweupe, na huruhusiwi kununa. Lakini kukusaliti, hawezi. Kwa hiyo hakuna ghala salama kuliko nyumba ya mtani. Nashangaa hakuna aliyeliwaza hili kabla yangu.

Nimemweleza Abbasi shida yangu. Amekubali kabla sijamaliza. Huyo ndiye mtu.

Benedikta anasema Azimio limewakataza viongozi kupangisha nyumba, halikutaja makochi. Nimemwambia kuna maneno ya Azimio na kuna roho ya Azimio. Akaanza kuvua vitambaa vya makochi alivyovifuma mwenyewe, vile vya tausi, anavipiga pasi ya mkono, anavikunja. Kisha akavirudisha. Kasema viende navyo, kochi bila kitambaa liko uchi. Macho yalikuwa yamemlowa. Nimemwambia ni wiki moja tu.

Ijumaa, 6 Juni

Mpango: kuhamisha saa ya swala ya Ijumaa. Kanyenye yote iko msikitini, njia nyeupe, hakuna wa kuona. Nimekodi mkokoteni na wasukumaji wawili wa dini yangu.

Kosa dogo. Sikujua swala huchukua muda gani. Sisi tumelelewa na mapadri, tumezoea mahubiri yanayoanza na Adamu na kumfikia Nuhu wakati wa chakula cha mchana. Gurudumu la mkokoteni likachomoka mbele ya msikiti wenyewe. Nimeinama nalitafuta, nikasikia viatu. Watu wametoka! Kanzu zikatuzunguka. Friji imesimama katikati ya njia, gramafoni juu yake. Mzee Mussa, ambaye huniletea nta ofisini, akaniuliza kwa upole kama nimefukuzwa kazi.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Nikacheka kwa nguvu, nikapaza sauti:

"Jamani, Mzaramo kanivamia! Kachukua kila kitu! Na mimi ni mtani wake, nitafanyaje?"

Kicheko. Makofi. Vijana wakalirudisha gurudumu mahali pake na kusukuma bure mpaka mlangoni kwa Abbasi. Yeye akasimama barazani, mkono kifuani, akawaomba waungwana wote wawe mashahidi kwamba kachukua. Wote wakawa mashahidi. Safi kabisa! Sasa hakuna atakayeuliza maswali.

Jumapili, 8 Juni

Magoti yanauma. Mkeka ni kitu kizuri kwa mtu aliyezaliwa juu yake. Nami nilizaliwa juu yake, lakini ilikuwa zamani.

Baada ya misa Benedikta alikwenda kumsalimia Mwamvita, mke wa Abbasi. Karudi jioni. Walikaa kwenye kochi refu, wakanywa maji baridi, wakapiga santuri zetu pande zote mbili. Nikamwuliza kama walinitaja. Akasema ndiyo, Abbasi alinitaja: alimwomba Benedikta aangalie asije akamwagia maji kochi lake.

Lake?

Jumatatu, 9 Juni

Balaa! Mke wa Tobias kamwambia Benedikta bombani kwamba habari ya makupe ni uvumi. Ndugu Damas anatafuta mkuu mwenye nyumba ya kupokelea wageni. Wanakuja wataalamu wa nyuki kutoka Ulaya, na hawawezi kuketishwa chini. Nimechungulia juu ya ua wa Tobias. Anapaka viti vyake vanishi! Ana burashi mkononi na viatu vya ngozi miguuni! Kumbe makatambuga yale yalikuwa ya kunizuga mimi. Sipendi kabisa watu wanaojifanya wasivyo.

Lazima makochi yarudi kabla ya Alhamisi. Nimekwenda mbio Kanyenye. Abbasi alikuwa amejinyoosha kwenye kochi langu, anapindia suruali. Nimemshukuru kwa kunitunzia vitu. Akaniuliza vitu gani. Nikacheka. Naye akacheka. Tukacheka muda mrefu, mmoja wetu bila furaha.

Anasema kilichochukuliwa na mtani hakirudi hivi hivi, hukombolewa, na mji mzima ni shahidi. Nikampa jogoo. Hataki. Nikafika kwenye beberu. Hataki beberu. Akaweka sindano chini, akanitazama.

"Babu yako alipita kwetu na mzigo kichwani," akasema, "akang'oa mihogo ya babu yangu, akaenda zake anaimba. Basi mjukuu naye abebe. Kochi moja moja, kwa kichwa chako mwenyewe, mchana, kupitia sokoni. Na uimbe."

Nikasema nitakodi mtu. Akasema mtu wa kukodi si mjukuu. Hasira zikanipanda mpaka masikioni, lakini anayemkasirikia mtani hutozwa faini na huchekwa mpaka wajukuu zake. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mimi nibebe! Naibu mkuu! Faida ya kwanza ya cheo changu ni kwamba sibebi. Ndiyo maana hasa ya cheo! Baba yangu alibeba magunia ya chumvi ya watu ili mimi nisome, na mama yangu hakuwa akichoka kunionyesha kovu la kichwani mwa baba. Nikilibeba kochi lile, wazee wangu wote wawili watanitazama kutoka waliko.

Jumanne, 10 Juni

Nimemtuma Mzee Mussa akaniombee kwa Abbasi. Ni mtu mzima, anaheshimika, kila mtu humpa shikamoo. Amekwenda asubuhi. Wakamkaribisha kwenye kochi. Alasiri nikapita kuangalia: bado amekaa, miguu juu, anakunywa maji baridi. Akanipungia mkono. Anasema mazungumzo yanaendelea vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Nimebeba.

Niandike yote. Mpango ulikuwa mzuri kuliko yote niliyopata kuipanga. Treni ya Dar ikiingia, nusu ya Tabora huenda stesheni kuona nani karudi na nani kanenepa. Sokoni kunabaki mbuzi. Nikabebe saa hiyo hiyo. Tena kochi nitaligeuza, nilivae kichwani, uso uingie ndani. Nani atanijua?

Sikuwaza kwamba hata mimi sitaona kitu isipokuwa miguu yangu. Wala sikuwaza kwamba Abbasi atanifuata nyuma akipiga debe na kuimba kwa sauti ya mnada: Kornel pagazi, mjukuu wa pagazi, rudisha mihogo yetu! Wala sikuwaza kwamba treni, leo kati ya siku zote, itawahi. Watu walikuwa wanarudi kutoka stesheni wakiwa wengi, na sisi tunawaingia katikati. Vigelegele! Sharti ni sharti, nikaimba. Kichwani mwangu hakukuwa na wimbo mwingine ila ule wa Ijumaa Kuu. Wanawake wawili wakaitikia, nadhani ni wa parokia.

Ndipo nikasikia sauti ya kiume inauliza, kwa Kiswahili laini cha pwani, idara ya asali iko wapi. Abbasi akajibu kwamba naibu mkuu wake yuko hapa hapa, chini ya kochi.

Ndugu Damas! Siku moja mapema! Nikasimama. Kutoka nilipo niliweza kuona viatu vyake tu. Vilikuwa na viraka. Kando yake kikapu cha ukili, hana hata sanduku. Akili yangu ikafanya kazi tena. Mwenye viatu vile hatafuti nyumba ya kuketishia Wazungu! Kwa hiyo Tobias alisema kweli mara ya kwanza, na mkewe akasema uongo mara ya pili, nami nikaviamini vyote viwili.

Ndugu Damas akauliza kochi ni la nani.

Shingo ilikuwa inaniuma. Harufu ya vitambaa vya Benedikta ilikuwa puani kwangu, vile vya tausi, anavifua kwa sabuni ya manukato. Niliwaza kiti cha Mkuu. Nikakichagua.

"La Fundi Abbasi hili, ndugu," nikasema kutoka ndani. "Namsaidia tu. Jirani ni jirani."

Abbasi akaitikia upesi mno kwamba ni kweli, la kwake, na yale mengine pia, na kwamba hili lilikuwa linarudi dukani. Tukageuka. Nikalirudisha kochi langu kwa mtani, kwa kichwa changu, nikiimba. Ndugu Damas akashika mguu mmoja wa kochi kunisaidia.

Kisha akaja nyumbani. Akaona mkeka, akaona kuta, akaketi. Benedikta akamletea maji ya vuguvugu kwenye kata. Akayanywa yote, akasema tangu azunguke nchi hii hajaona afisa anayeishi hivi. Mungu ni mkubwa!

Alipoondoka, nikamgeukia Benedikta nikitegemea furaha. Wanawake wa sokoni walikwisha kumfikia kabla yangu.

"Ile Ijumaa uliyaficha makochi yetu, Kornel," akasema. "Leo umeyagawa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Alhamisi, 12 Juni

Zamu ya Tobias kutembelewa. Nilikuwa uani kwangu, nafunga kamba ya kuanikia nguo mahali panapoonekana sebule yake.

Vanishi haijakauka! Ndugu Damas kakaa, kahoji, kanywa chai, kisha kainuka na kiti kikainuka naye! Tobias akashika kiti, mkewe akamshika Ndugu Damas, wakavuta. Kiraka cha suruali kimebaki kwenye kiti. Nimeng'ang'ania kamba nisianguke kwa kicheko.

Tobias kwisha. Mimi sina tena mpinzani. Mapazia ya ofisi ya Mkuu yatakuwa ya bluu. Nikishika kiti tu, nitanunua makochi mapya, mazuri kuliko yale, na Benedikta atafuma vitambaa vingine. Nimemwambia hivyo. Kaniuliza kama najua tausi mmoja huchukua muda gani. Sijui.

Ijumaa, 13 Juni

Mkutano ofisini, watu wote, pamoja na tarishi. Ndugu Damas kasimama na suruali mpya. Kasema amezunguka mikoa mingi akitafuta kiongozi anayebeba, na leo amempata Tabora. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Makofi. Nimeukunja uso kidogo ili nisionekane nimefurahi mno.

"Mtu wa namna hii tusimfungie ofisini," akasema. "Tunaanzisha kijiji cha ujamaa kule mbele ya Sikonge, cha warina asali. Ndugu Kornel akaishi nao, abebe nao mizinga. Ndugu Tobias yeye anapenda viti. Basi abaki na kiti."

Makofi tena. Na mimi nilipiga makofi, mikono ilipiga yenyewe. Nilitaka kusema kwamba mimi pia napenda viti, nilikuwa navyo, viko Kanyenye, mji mzima unavijua. Lakini mji mzima ni shahidi kwamba si vyangu.

Tobias kanishika mkono, kanipongeza kwa moyo wote. Halafu kaniuliza kama Fundi Abbasi anauza makochi.

Nyumba ya serikali tunaiacha wiki ijayo. Benedikta kamaliza kufungasha kabla chai haijapoa, kwa sababu hakuna cha kufungasha. Hapo nikalia. Kweli, mtu mzima, naibu mkuu, nimekaa juu ya mkeka nalia kwa sauti. Nimemwambia abaki Tabora, akae kwa Mwamvita, asije kuumwa na mbung'o porini kwa ajili yangu. Akaweka mkono mgongoni kwangu. Akasema atakuja, kwa sababu mtu mjinga namna hii haachwi peke yake msituni.

Nimefarijika sana.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Tuko kijijini. Miti ya miombo kila upande, moshi wa warina asali, mbung'o wakubwa wenye bidii. Watu ni wema. Wananiita Bwana Asali, na nyuki wameniuma pande zote ninazokalia.

Nilidhani huku watu wote ni sawa. Hapana! Kuna wenye mlango wa mbao na kuna wenye mlango wa matete. Mimi nina wa mbao. Kwa hiyo niko tena pale pazuri katikati.

Na habari kubwa: kaka yake Benedikta, mwenye lori Igunga, katuletea kitanda cha springi! Hakuna kingine kama hicho kutoka hapa mpaka Sikonge. Benedikta kalala juu yake mchana wote, anajirusha kidogo kidogo, anacheka. Sijamsikia akicheka tangu vile vitambaa viondoke. Kasema kitanda hiki kisipotoka humu ndani, amenisamehe yote.

Lakini jioni imefika habari nyingine. Katibu wa wilaya anakuja Alhamisi kuchagua Bwana Asali wa tarafa nzima, na atapita nyumba kwa nyumba. Springi! Katika kijiji cha ujamaa! Nitaonekana kupe.

Nimewaza, nikapata jibu. Hapa kijijini kuna Masolwa, mfuga ng'ombe. Msukuma, mtani wangu. Nimemweleza Benedikta kwamba huyu hafanani hata kidogo na Abbasi. Abbasi ni mtu wa pwani, Wasukuma ni ndugu zetu wa damu, utani wao ni wa upole. Benedikta ameshuka kitandani, amekaa mlangoni, amenipa mgongo.

Masolwa kakubali kabla sijamaliza kueleza. Anakuja kesho kukichukua, saa ya mkutano, watu wote wakiwepo, ili mambo yawe wazi.